Zamu ya Alhamisi

Ijumaa saa mbili na nusu asubuhi, Mwalimu Melkior alisimamisha gari lake mbele ya gereji ya Stella pale Rau, akazima injini, akabaki ndani kwa muda mikono ikiwa juu ya usukani. Lilikuwa gari jeupe, refu, la kupandia milima. Lilikuwa na miezi minane tangu litoke bandarini, na kilomita elfu tisa na ushee. Nailoni za viti vya nyuma zilikuwa bado hazijatolewa.

Stella alijifuta mikono kwa tambara, akamwendea.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo. Yuko huko huko Uru. Nimemwomba ashuke akae na mimi, amekataa."

"Mwache. Mtu mzima hang'olewi kama mche." Mwalimu Melkior alifungua mlango, akashuka taratibu, mguu mmoja kisha mwingine. Alikuwa amemfundisha Stella hesabu darasa la nne, na sasa, baada ya kustaafu, alikuwa mwenyekiti wa wanamfongo wa Kilawe, yaani kaya zote zilizokuwa zikinywesha vihamba vyao vya migomba na kahawa kwa mfereji ule mmoja uliochimbwa na mababu. "Gari linapungua maji," alisema.

"Ya rejeta?"

"Hiyo kulanti, ya pinki. Najaza mpaka alama ya juu, baada ya siku chache imeshuka vidole viwili. Chini hamna hata tone. Nimelirudisha kwa wauzaji mara tatu, maana bado lina warantii. Mara tatu wamelipima, mara tatu wameniambia halivuji, wakanipa chupa ya kuongezea."

"Na wewe unataka nini, Mwalimu?"

"Nataka kujua yanakwenda wapi." Aliangalia lami badala ya kumwangalia Stella. "Jumatatu ya wiki ijayo, si hii inayokuja, tuna mkutano wa mfongo. Sitaki gari lidondoshe maji mbele za watu."

Akamkabidhi funguo, akaondoka kwa miguu kuelekea barabara kuu.

Stella alikuwa na miaka arobaini na miwili, na ishirini kati ya hiyo alikuwa ameipitisha chini ya magari ya watu. Mafundi wenzake walipokuwa na gari linalovuja pasipoonekana, walimletea yeye, kwa sababu alikuwa na subira na masikio. Alianza na yale ambayo fundi yeyote huanza nayo. Aliacha injini ipoe, akafungua kifuniko cha rejeta, akakagua raba yake, akaikuta nzima. Akafunga pampu ya kupimia, akapandisha presha mpaka kiwango kilichoandikwa na kiwanda, akaiacha nusu saa huku akinywa chai. Mshale haukutikisika. Akapapasa mipira yote, wa juu, wa chini, na ile midogo miwili inayokwenda kwenye hita, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetafuta uvimbe shingoni mwa ng'ombe. Yote ilikuwa mikavu.

Jumamosi alitia kwenye kulanti rangi ile inayong'aa chini ya taa ya zambarau, akaliendesha gari mpaka Himo na kurudi, akalifunika turubai, akaingia chini yake na taa. Hakuna kilichong'aa. Alichomoa kijiti cha oili: oili safi. Kama gasketi ya kichwa cha injini ingekuwa imekufa, oili ingekuwa na rangi ya chai ya maziwa na moshi ungetoka mweupe wenye harufu tamu. Moshi wa gari hili haukuwa na rangi wala harufu. Mwisho alibandika kipande cha karatasi ya gundi kwenye chupa ya akiba, usawa wa kulanti, akaenda nyumbani.

Jumapili baada ya misa alipita kuangalia. Kulanti ilikuwa palepale kwenye karatasi.

Jumatatu saa mbili ilikuwa palepale. Saa sita mchana ilikuwa imeshuka vidole viwili, na gari halikuwa limewashwa. Stella alipiga magoti, akapitisha kiganja kwenye sakafu. Kavu.

"Limekunywa lenyewe," alisema Hosea. Hosea alikuwa fundi umeme, Mlutheri wa Masama, mtu wa makamo asiyependa maneno, ambaye alipanga nusu ya gereji na alilipa kwa wakati.

"Injini haijawashwa, Hosea. Litakunywaje?"

"Basi yameondoka," alisema Hosea, akarudi kwenye stata aliyokuwa akiisuka.

Stella alijaza, akabandika karatasi mpya. Jumanne hapakupungua kitu. Jumatano vilevile. Uvujaji wa kila siku humchosha fundi, lakini uvujaji unaochagua siku humnyima usingizi. Jumatano jioni, akifunga geti, siku mbili zilimjia mdomoni pamoja: Jumatatu, na kama hesabu yake ilikuwa sawa, Alhamisi. Alikuwa amewahi kuzisikia zikitamkwa hivyo, zikifuatana, na watu waliokuwa wamebeba majembe.

Alhamisi saa mbili na nusu alitandika boksi chini ya gari, akalala chali, akawasha tochi. Saa tatu kamili kengele ya shule ya jirani ililia, na tone likatokea kwenye klipu ya mpira wa chini, upande wa nyuma ambako mkono haufiki kwa urahisi. Klipu ilikuwa imefungwa kiwandani ikakaa upande kidogo, chini ya unene wa kucha. Lilikuwa kosa dogo la kawaida, ambalo gari lolote jipya laweza kuwa nalo.

"Nimekuona," Stella alisema kwa furaha.

Akalisubiri lianguke usoni pake. Halikuanguka. Lilitambaa juu ya chuma cha chesisi, likafuatwa na jingine, na jingine, mpaka ukawa uzi mwembamba wa pinki, unene wa sufu ya kufumia sweta. Uzi ulishuka kwenye tairi la mbele ukafika sakafuni. Sakafu hiyo Stella aliimwaga mwenyewe, ikiinama kusini kuelekea mtaroni, na kwa miaka kumi na miwili kila kilichomwagika humo kilikwenda kusini. Uzi wa pinki uligeukia kaskazini, ukapanda, ukapita katikati ya gereji. Hosea alinyanyua waya wa chaja ili upite.

"Yanakwenda mlimani," alisema.

"Nipe funguo za pikipiki."

Kulifuata jambo lile hakukuwa na ugumu wowote isipokuwa wa mwendo. Maji yalipanda pembezoni mwa barabara ya Uru kwa kasi ya mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani, na pikipiki ya Hosea haikupenda kwenda polepole hivyo. Stella aliendesha hatua mia, akazima, akasubiri yamfikie, akawasha tena. Kwenye njia panda maji yalisimama, yakajikusanya, yakalipisha lori la saruji, kisha yakavuka. Mama mmoja aliyekuwa amepanga nyanya kando ya lami alisogeza beseni lake kwa mguu bila kukatisha mazungumzo na mteja.

"Unayajua haya?" Stella alimwuliza.

"Ya Jumatatu na Alhamisi? Nayajua. Leo yamewahi." Akafunga fungu la nyanya kwenye gazeti. "Usiyakanyage tu, yanapoteza muda kuzunguka."

Kadiri walivyopanda, migomba ikawa mingi, hewa ikawa baridi, na rangi ya pinki ikaanza kufifia. Pale mibuni ilipoanza, maji yalikuwa meupe. Stella alisimama, akachomeka ndani yake kipimo anachopimia kulanti, kwa sababu kulanti ni sumu, na juu huko kulikuwa na ndama na kuku wa watu. Kipimo kilisoma sifuri. Akanusa vidole vyake. Vilinuka mawe na majani yaliyolowa.

Karibu na saa tano maji yaliiacha barabara, yakapita chini ya uzio wa masale, yakafika kwenye mgawanyo wa mfongo wa Kilawe, pale mawe bapa yaliyopangwa na mababu yanapoutenga mfereji njia mbili, kulia na kushoto. Stella hakuwa amefika hapo mwaka mzima. Mfongo ulikuwa umekauka hadi ukapasuka. Ndani yake mlikuwa na majani makavu, na kuku akiwaonyesha vifaranga wake namna ya kuchakura. Maji yalifika kwenye mawe, yakatulia kama mtu anayevuta pumzi baada ya mlima, kisha yakachukua njia ya kushoto na kushuka, kama maji yote yanavyoshuka.

Kandokando ya njia hiyo ya kushoto, watu walikuwa wamesimama kila mmoja kwenye mlango wa kihamba chake, na jembe. Zilikuwa kaya kumi na nne. Wa kwanza alibomoa tuta la udongo kwa ncha ya jembe, akachepusha maji, akaangalia saa, akaziba. Wa pili akafanya vivyo hivyo. Hakuna aliyekuwa na haraka, na hakuna aliyezungumza zaidi ya neno moja la kumwambia jirani kwamba amefunga.

Mama yake Stella, Justina, alikuwa wa tisa. Alikuwa amevaa gauni la kazi na sweta la marehemu mumewe, na alikuwa amechimba kijifereji chenye upana wa kidole kutoka kwenye mfongo hadi kwenye shina la mgomba mmoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sogea, umekanyaga njia."

Stella alisogea. Walisubiri pamoja. Maji yalipofika yalikuwa kiasi cha kujaza kikombe cha kahawa, kile kidogo. Justina aliyafungulia, akayasindikiza kwa macho hadi kwenye shina, na ardhi ikayapokea bila haraka.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu gari lilipofika."

"Na hukuniambia."

"Ungefanya nini? Ni zamu. Zamu haitangazwi, watu wanajua tu." Justina aliegemea mpini. "Haikosi. Wiki ile aliyokwenda Mwalimu Dodoma na gari, maji ya Alhamisi yalifika Jumapili, yana vumbi jekundu. Padre alipoona tunachungulia nje, akafupisha matangazo."

Habari yenyewe Stella aliijua kama kila mtu alivyoijua. Mwaka uliopita hoteli ilijengwa juu ya kijiji, karibu na msitu, ikawa na bwawa la kuogelea na majani ya kukatwa kwa mashine, na ikahitaji maji. Banio la mfongo wa Kilawe, pale maji yanapochotwa mtoni, lilikuwa mita mia mbili kutoka kwenye uzio wake. Mwalimu Melkior aliweka sahihi ya kulikabidhi kwa hoteli, kwa niaba ya kaya ishirini na nane. Hakuna kati ya hizo iliyoitwa. Bomba likatandazwa, mfongo ukakauka, na watu wakaanza kushuka bondeni na madumu. Baada ya miezi michache Mwalimu akaonekana akipanda na gari jeupe. Alisema ni shukrani ya hoteli. Watu walilitazama, wakampa hongera, maana mtu akinunua gari hupewa hongera.

"Mama," Stella alisema, "nimeona yanapotokea. Kuna klipu imekaa upande. Nikiikaza, hayatatoka tena."

Justina alichukua bonge la udongo, akalifinyanga kwa mikono miwili.

"Mwalimu amekuletea gari ulitengeneze?"

"Ndiyo."

"Na umekubali kulitengeneza?"

"Ndiyo, mama."

"Basi."

"Basi nini?"

"Baba yako alikuwa akiziba mfongo uliobomoka usiku na mchana, hata kama zamu ilikuwa ya mtu aliyemtukana jana yake. Miaka thelathini na moja. Mimi sitakufundisha leo kuiacha kazi ya mtu nusu." Akaliweka bonge kwenye mlango wa mfereji, akalikandamiza kwa kisigino. Kisha akageukia migomba, mgongo ukiwa kwa binti yake. "Ila siku utakayoikaza, usiniambie."

Stella alirudi Rau mchana. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akalitazama gari muda mrefu kiasi kwamba Hosea alimletea chai bila kuombwa. Aliwaza kumwambia Mwalimu kuwa hakuona kitu, kama walivyomwambia wengine mara tatu. Lilikuwa neno jepesi, na lingemfaa mama yake. Lakini alikuwa ameona. Saa tisa aliingia chini ya gari, akatoa klipu ya kiwandani, akasafisha mpira, akafunga klipu mpya ya skrubu, akaikaza mpaka spana ikagoma. Ilikuwa kazi ya dakika kumi na mbili. Aliosha mikono mara tatu, na mara ya tatu alilifunga bomba kabla sabuni haijaisha mikononi.

Ijumaa Mwalimu Melkior alikuja kuchukua gari lake. Stella alimkalisha kwenye benchi, akamwonyesha klipu ya zamani.

"Hii ilikuwa imekaa upande. Nimeweka nyingine."

"Kwa hiyo limepona."

"Mwalimu, sijui kama lilikuwa linaumwa. Linatoa zamu."

Mwalimu alikuwa akiigeuzageuza ile klipu kwa vidole. Aliacha kuigeuza.

"Kwa akina nani?"

"Alhamisi, wa kushoto. Nimeyafuata hadi kwa mama. Jumatatu sikuyafuata, lakini nadhani ni wa kulia."

"Ni wa kulia," alisema Mwalimu. Kisha akauliza kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwaulizia watoto jibu la hesabu, "Kiasi gani?"

"Lita moja. Haizidi."

"Lita moja kila zamu."

"Ndiyo."

Mwalimu Melkior alishusha pumzi, na mabega yake yakashuka nayo, kama ya mtu aliyekwenda hospitali akihofia makubwa akaambiwa ni presha tu. "Nilidhani ni zaidi," alisema.

Stella alimtazama mzee huyu aliyemfundisha kugawanya kwa njia ndefu. "Mwalimu, lile banio lingefunguliwa, gari lisingepungua hata kidole."

"Lile banio lina mkataba, mwanangu."

"Wa miaka mingapi?"

"Thelathini na mitatu." Akainuka, akapapasa mfuko wa koti akitafuta miwani. "Na hiyo klipu mpya, itazuia?"

"Pale nilipoikaza, itazuia. Siwezi kuapa kwamba halitatafuta pengine."

"Hapana, huwezi," Mwalimu alikubali. Alinunua katoni nzima ya kulanti kwenye duka la spea lililo jirani, akaipakia nyuma, juu ya nailoni, akaondoka akiendesha kwa uangalifu.

Mkutano wa Jumatatu ulifanyika kwenye uwanja wa ghala la zamani la kahawa. Stella alipanda, kwa sababu tangu baba yake afariki jina la kaya yao lilikuwa lake na mama yake kwa pamoja. Watu walikaa kwenye mabenchi, wazee mbele. Mwenyekiti aliketi nyuma ya meza yenye kitambaa, pamoja na Filbert, katibu, kijana wa miaka hamsini mwenye mwandiko mzuri. Gari jeupe lilikuwa limeegeshwa kivulini, hatua ishirini kutoka mezani, limeoshwa.

Mkutano ulifunguliwa kwa sala. Filbert alikuwa amefika kwenye ajenda ya pili ilipotimia saa tatu. Stella alisikia kabla hajaona: tone lilitoka kwenye pampu ya maji, kwenye kile kitundu kidogo kinachowekwa na kiwanda ili fundi ajue pampu imechoka. Pampu ile ilikuwa na miezi minane. Tone likawa uzi, uzi ukashuka kwenye tairi, ukavuka uwanja, ukaingia katikati ya mabenchi. Watu waliinua miguu, mstari wa mbele, kisha wa pili, kisha wa tatu, na Filbert hakuacha kusoma. Stella alifurahi, kisha akaona haya, kwa sababu ilikuwa furaha ya fundi aliyeshindwa.

Bibi mmoja aitwaye Violet, wa njia ya kulia, alinyoosha mkono.

"Naomba radhi, Mwenyekiti. Mimi ni wa kwanza leo."

"Nenda tu, mama," Mwalimu Melkior alisema, na Violet akachukua jembe lake lililokuwa limeegemezwa ukutani, akatoka akifuatana na maji.

Ndipo Stella akasimama. Hakuwa amepanga. Alisema kwamba yeye ni mwanamfongo kama wengine, na anaomba kuonyeshwa karatasi ya banio: nani aliweka sahihi, siku gani, na kikao kipi kiliruhusu. Alisema baba yake alilitunza banio lile miaka thelathini na moja na hakuwahi kudhani ni lake. Alipoketi, uzi wa maji uliendelea kupita kati ya viatu vya watu.

Mwalimu Melkior alimshukuru. Alisema hoja ni nzito na imepokelewa, na karatasi ipo, iko kwa wakili, mjini. Kisha alisimama, akaonyesha kwa kalamu.

"Ndugu wanamfongo, nimelaumiwa kwamba watu wa chini hawapati maji. Tazameni wenyewe. Yanapita hapa mbele yenu. Si mengi, nakiri. Lakini yanakwenda, kwa zamu, bila upendeleo, na gharama yake naibeba mimi. Naomba iingie kwenye muhtasari."

Filbert aliandika. Watu walitazama maji, kisha wakatazamana. Hakuna aliyeweza kusema kwamba hayapiti. Mwenyekiti alipoomba wanaokubali wanyooshe mikono, mikono ilinyooka, mingi, kwa sababu kilichosemwa kilikuwa kweli. Katika ajenda ya mwisho alichaguliwa tena kwa miaka mitatu. Justina hakunyoosha mkono. Wala hakumtazama vibaya aliyenyoosha. Alimshika binti yake kiwiko wakati wa kuinuka, magoti yakiwa yamemkamata, wakatembea nyumbani polepole.

"Utashuka Rau ukae na mimi, mama?" Stella aliuliza walipofika uani.

"Nikishuka, mlangoni petu atasimama nani?"

Basi Alhamisi Stella alifunga gereji, akamwachia Hosea funguo, akapanda mwenyewe. Mama yake aliletewa kigoda akaketi mwanzoni mwa kihamba, sweta limefungwa vifungo vyote, na Stella akasimama mlangoni na jembe. Mkono wake, uliozoea spana, uliukuta mpini kuwa mnene. Saa tano kasorobo jirani wa juu aliita kwamba amefunga. Maji yalifika, meupe, kiasi kile kile. Stella alibomoa tuta.

"Usilibomoe lote," alisema Justina. "Kidogo. Yaache yatafute."

Yalitafuta. Yalifuata kijifereji, yakakwama kwenye jani, Stella akaliondoa kwa kidole, yakaendelea hadi shinani. Huko juu, nyuma ya miti, pampu ya hoteli iliwashwa, na sauti za watoto wa wageni zikasikika wakijitupa kwenye bwawa mmoja baada ya mwingine.

Ndani ya mfongo, mbele ya mlango wao, palikuwa pamebaki maji kama ya kijiko kimoja cha mezani. Stella aliyaangalia, akaangalia mgomba, ambao majani yake ya chini yalikuwa yamekunjika.

"Mama, haya yaliyobaki niyamalizie?"

Justina hakuwa na saa. Alitazama kivuli cha mbuni kilipofika.

"Muda wetu umekwisha," alisema. "Funga."

Stella alichukua bonge la udongo, akaziba, akakandamiza kwa kisigino, akapaza sauti kuelekea chini, kwa jirani, mzee Eliamini, kwamba amefunga. Maji ya kijiko kimoja yaliteremka kwenye mfongo mkavu, taratibu, hadi pale mzee alipokuwa amepiga magoti, kofia ikiwa chini kando yake. Huko bwawani mtoto mmoja alipiga kelele ya furaha. Eliamini hakuinua kichwa; zamu yake ilikuwa robo saa tu, na alikuwa ameshatumia dakika mbili.